Simu za Upole Kutoka Nyumbani

Mimi ni mwoga, na sijawahi kulificha hilo. Naogopa ngazi za umeme madukani, naogopa mbwa wa jirani yetu hapa Whitehall, kitongoji cha Columbus, hata akiwa amefungwa, naogopa bahasha yoyote inayokuja na dirisha la plastiki. Kwa hiyo watu wa kanisani waliposikia kwamba mimi na wifi yangu tunakwenda kusini mwa Afrika kutazama maporomoko ya maji na wanyama wa porini, walicheka mpaka mchungaji akauliza kuna nini.

Aliyenitia katika jambo hilo ni huyo wifi. Ni mke wa kaka yangu, mwanamke wa sauti kubwa na mwendo wa haraka, na tunafanya kazi pamoja katika ghala moja hapa Columbus, zamu ya asubuhi, kufunga maboksi. Kazini kulikuwa na mama mmoja Mmarekani aliyekaribia kustaafu. Alikwenda Zambia na Botswana, akarudi na picha, akatuonyesha wakati wa chakula cha mchana: tembo, viboko, maji yanayoanguka mpaka yanageuka moshi. Kisha akatuuliza, kwa nia njema kabisa, kama tulishawahi kufika pale, maana ni kwetu. Wifi alinyamaza, na wifi si mtu wa kunyamaza. Afrika tuliyoijua sisi ni Fizi, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, halafu kambi ya wakimbizi ya Kigoma, ambako hata kutoka kwenda kutafuta kuni ilibidi uombe ruhusa.

"Huyu maman anajua Afrika kutupita siye," wifi aliniambia garini tukirudi. "Bon, tutaenda."

Nilidhani ni hasira za siku moja. Miaka miwili baadaye, mwezi wa sita, tulikuwa tumesimama uwanja wa ndege na pasipoti zetu mpya, yeye akicheka na kila mtu, mimi nikihesabu milango ya kutokea.

Lazima niseme tulivyogawanyika katika nchi hii ya Marekani, la sivyo haya mengine hayataeleweka. Mama yangu anaishi Louisville kwa dada yangu mkubwa. Ana presha, ana sukari, na kila simu kutoka Louisville huwa naipokea nikiwa nimeshika ukuta. Mama wa wifi alikuwa Buffalo, kwa mtoto wake wa mwisho wa kiume, nyumba iliyo nyuma ya Grant Street, karibu na duka wanakouza sombe, yaani kisamvu, iliyogandishwa. Yule hakuwa na ugonjwa wowote. Alikuwa anacheza kanisani kuliko wasichana. Wazee hawa wawili walikuwa marafiki tangu kambini, kabla hata kaka yangu hajamwona wifi.

Na jambo la pili. Kwetu mtu aliye mbali haambiwi habari ya kifo kwa simu. Anaitwa nyumbani kwa sababu nyingine, analishwa, anakalishwa katikati ya watu wenye nguvu za kumshika, ndipo mkubwa mmoja anamwambia. Kabla ya hapo, aliye karibu naye ndiye anayeambiwa kwanza ili amchunge. Baba alipofariki nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nimetumwa sehemu ya pili ya kambi. Shangazi akanifuata, akaniambia kuna mgeni nyumbani. Njiani tukapita kwake akanipa samaki mzima na ugali, peke yangu, bila ndugu zangu. Nikala mpaka mifupa. Nilipofika kwetu nikakuta watu wamejaa uani, na nikaelewa kwa nini nilipewa yule samaki. Tangu siku hiyo wema wa ghafla unanitisha kuliko matusi.

Tulifika Livingstone Ijumaa. Jumamosi tukaenda kwenye maporomoko. Unayasikia kabla hujayaona, na mimi niliposikia nikataka kurudi. Tulikodi makoti ya mvua kwa kijana mmoja getini, nikauliza mvua iko wapi na jua linawaka namna hii, akacheka. Kulikuwa na daraja jembamba la watu wa miguu lililowekwa mbele ya maji yenyewe, na maji yakigonga chini yanarudi juu, yanakunyeshea kutoka miguuni kwenda kichwani. Nilipita nimefumba macho, nimeshika mkanda wa koti la wifi, nikimwita Yesu kwa sauti. Sikusikia sauti yangu mwenyewe. Katikati ya daraja wifi alisimama. Nilifumbua jicho moja, nikamwona amenyoosha mkono na simu yake, anapiga video, anapiga kelele za furaha na maji yanamtiririka mdomoni.

Simu hiyo ilikufa kabla hatujarudisha makoti. Wifi aliizika ndani ya mfuko wa mchele wa hotelini, akaiombea, akasema itafufuka siku ya tatu. Haikufufuka. Ikabaki yangu tu, niliyoiwekea laini ya Zambia kutoka kwa dada mmoja aliyekaa chini ya mwavuli barabarani. Wifi hakujali. "Wacha," alisema, "watanikuta nikirudi."

Jumapili tulikwenda sokoni. Siku ile ndiyo siku pekee ya safari ambayo sikuogopa kitu. Wamama wamepanga mafungu ya mboga za majani, karanga, viwavi waliokaushwa, na samaki wadogo wanaowaita kapenta. Niliinua mmoja nikanusa. Ni ndagala wa kwetu, yule yule wa ziwani, maana ziwa letu linafika mpaka Zambia. Nilimwambia muuzaji kwa Kiswahili, yeye akanijibu kwa lugha yake, tukaelewana kabisa kuhusu chumvi. Alituuzia mihogo ya kuchemsha tukala tumesimama. Wifi alifunga kitenge kipya juu ya suruali yake ya jinzi, akatembea soko zima akiulizwa ametoka wapi, na kila aliyemuuliza alimjibu tofauti.

Simu ya kwanza ilikuja Jumatatu, saa kumi za alasiri, tukiwa tumekaa uani hotelini. Alikuwa kaka.

"Mudogo wangu," alisema. "Mulisha kula?"

Kaka yangu hajawahi kuniuliza kama nimekula. Kaka hupiga simu akitaka kitu, na akikipata anakata. Zaidi ya hapo, kwao ilikuwa saa nne asubuhi ya siku ya kazi, saa ambayo yupo kwenye mashine na simu yake ipo kabatini. Nilimwambia tumekula. Akasema vizuri. Akasema tupumzike, tusiwe na haraka. Kisha akauliza kama mke wake yuko karibu, nikampa simu, wifi akasogea nayo pembeni, kule kwenye kamba za nguo. Hakuongea muda mrefu. Nilisikia "eeh" na "bon" na "donc watoto wako sawa?" Aliporudi alinirudishia simu bila kunitazama, akakaa, akaanza kung'oa uzi kwenye kitenge chake.

"Anasema nini?" niliuliza.

"Haiko kitu. Watoto wanasalimia."

Chakula kilipoletwa, wifi alichukua samaki wake akamweka kwenye sahani yangu. Akasema hana njaa. Nilimtazama yule samaki, nikamkumbuka yule wa shangazi. Wifi ameambiwa, nikasema moyoni. Wifi ameambiwa, na mimi ndiye wa kuchungwa. Mama yangu amekufa Louisville.

Labda msomaji ataona nimerukia mbali kwa sababu ya samaki. Basi asikie yaliyofuata. Kesho yake tulivuka kwenda Kasane, Botswana, na pale mpakani, kwenye mstari wa kugonga mihuri, wifi alinipokonya begi langu akalibeba pamoja na lake. Ni mwanamke ambaye miaka kumi na tano ya uwifi wetu hajawahi kunibebea hata mfuko wa vitunguu. Tulipofika tu, dada yangu akapiga simu. Dada yangu wa Louisville ni mtu wa kulalamika: mama hataki dawa, mama anaficha soda, wewe uko huko unastarehe. Siku hiyo sauti yake ilikuwa laini kama ya mtu wa redio.

"Pumzika tu, usiwaze bintu ya huku," alisema.

"Mama yuko wapi?"

"Amelala."

Kwao ilikuwa saa tatu asubuhi. Mama yangu huamka kabla ya jua kusali, na akishaamka halali tena mpaka usiku, hata akiwa na homa. "Mwamshe," nilisema. Dada akasema tumwache apumzike. Nyuma yake nilisikia mlango wa gari ukifungwa. Nilikata simu bila kuaga.

Halafu ikaja ya tatu, kutoka Buffalo. Ilikuwa ya mdogo wake wifi, kijana mpole anayefanya kazi ya kulea wazee, ambaye hajawahi kunipigia mimi tangu alipopata namba yangu. Hakumuulizia dada yake. Aliniuliza mimi kama ni mzima. Kisha akakohoa, akasema, "Jikaze, dada, huko muliko," akakata. Niliishika simu ile nikaona Louisville wanajua, Columbus wanajua, sasa hata Buffalo wanajua. Nchi nzima inajua isipokuwa mimi.

Jioni hiyo walitupakia kwenye boti kutazama wanyama wa mtoni. Mto Chobe ni mpana na umetulia, na ndani yake kuna viboko wanaochomoza vichwa vyao karibu na boti, wanapumua kwa nguvu, wanazama, na hujui watatokea wapi tena. Siku nyingine ningelia. Nilikaa katikati ya boti nimekumbatia jaketi la kuokolea, watu wanasimama na kamera zao, tembo wanavuka maji mikonga juu, na mimi nikihesabu sauti. Kaka nimemsikia. Dada nimemsikia. Binti wa kaka nimemsikia, aliingilia simu ya Jumatatu akasema, "Auntie, Dad said we can't—" na baba yake akamnyang'anya. Kila niliyemkumbuka nilikuwa nimesikia sauti yake, isipokuwa mmoja.

Wifi alikaa karibu yangu, bega kwa bega. Hakupiga kelele kwa ajili ya tembo. Kila nikigeuka, nilimkuta ananiangalia mimi.

Ningeweza kupiga simu na kuuliza waziwazi. Sikupiga. Niseme ukweli wangu: niliogopa kuuliza kwa sababu mpaka mtu aniambie, mama alikuwa bado mzima mahali fulani, ameficha soda nyuma ya mchele. Nililala na simu chini ya mto wa kitanda nikiiomba isilie.

Jumatano asubuhi tulikwenda hifadhini kwa gari la wazi, lisilo na milango wala vioo, tumefunikwa mablanketi kwa ajili ya baridi. Nilimuuliza dereva kama simba anaweza kuingia humu. Akajibu kwamba anaweza, ila hapendi. Wageni wengine walicheka. Mnamo saa mbili tulikuta tembo barabarani, majike na watoto wao, kumi au zaidi. Dereva akazima gari. Akatuonyesha kidole mdomoni. Wakaanza kutupita, huku na huku, karibu kiasi kwamba nilisikia matumbo yao yakinguruma na niliona kope zao.

Hapo simu yangu ikalia.

Mlio wangu ni wimbo wa kwaya, na nilikuwa nimeuweka juu kabisa ili nisikose habari. Tembo jike mmoja aliyekuwa na mtoto aligeuka. Masikio yakafunguka. Alipiga hatua mbili kuja kwetu, akatikisa kichwa, vumbi likamtoka. Dereva alinong'ona kitu kwa ukali. Watu wote wamenigeukia, wengine wamelala chini ya viti, na mimi nimeshika simu mikono miwili, naisoma. Ni dada. Kwao ni saa nane za usiku. Hakuna anayepiga simu saa nane za usiku kwa jambo dogo. Nilijua kidole kiende wapi kuizima, lakini hakikwenda. Namtazama tembo, natazama jina la dada kwenye kioo, na nasema kwa kiapo, kati ya hao wawili tembo ndiye niliyemwogopa kidogo zaidi.

Wifi alinipokonya simu akaizima, akaikalia. Tembo alisimama muda. Kisha akamsukuma mtoto wake kwa mkonga, wakaondoka. Tulipofika hotelini dereva alinionya, kwa heshima ambayo iliniaibisha zaidi.

Saa sita mchana wifi aliingia kuoga. Nilikaa kwenye sakafu ya chumba, mgongo kwenye kitanda, kwa sababu mtu akikaa chini hana pa kuangukia. Nikapiga.

"Nipe mama," nilimwambia dada. "Usiniambie amelala. Kama yupo mnipe, kama hayupo niambieni, mimi si mtoto."

Nyuma yake watu wengi walikuwa wanaimba, polepole, zile nyimbo za kanisani ambazo haziimbwi kwa furaha. Halafu nikasikia simu inapokelewa kwa mkono mwingine, na pumzi ninayoijua.

"Mwanangu," alisema mama yangu.

Akaendelea mwenyewe. Alisema tuko Buffalo, tulikuja jana na gari. Alisema mama wa wifi yako alitoka kanisani Jumapili, akakaa kwenye kiti, akaomba maji, na maji yalipokuja alikuwa ameshakwenda. Alisema wanamsubiri binti yake kwa maziko. "Weye njo uko naye huko," aliniambia. "Umushike. Usimwambie kintu. Afike hapa, akae katikati yetu, tutamwambia siye."

Nilifurahi.

Sitaki kulizungusha neno hili. Kabla ya huruma, kabla ya kumkumbuka yule mama aliyenisuka nywele kambini, kabla ya kumfikiria wifi aliyekuwa anaimba bafuni, nilifurahi mwili mzima. Nilisema asante Mungu, si wangu. Niliisema kwa sauti. Machozi yakaanza kunitoka na yalikuwa machozi ya furaha, na nilipokuwa nalia hivyo, simu sikioni, mlango wa bafu ukafunguka.

Wifi alisimama amejifunga kitenge, maji yanamdondoka. Aliniona pale chini. Akaona simu. Kisha akaja akapiga magoti, akanikumbatia, akaanza kulia kwa sauti kuliko mimi.

"Pole, wifi. Pole. Basi wamekuambia," alisema. "Mi nilijua tangu siku ya kwanza. Bwana yangu sauti yake ilikuwa ya kilio. Nikamuuliza ni nini, akasema haiko kitu, angalia wifi yako. Donc nikajua ni maman wa Louisville."

Nilifungua mdomo.

"Na nitakuambia kitu kibaya," akaendelea, uso wake shingoni mwangu. "Nikisha kujua, nilimwambia Mungu asante, haiko wangu. Kila nikikuangalia nilikuwa nasema asante, haiko wangu. Tangu siku ile sijalala. Unisamehe, wifi. Kweli unisamehe."

Mpaka leo naikumbuka dakika ile kwa hofu. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Ningelisema, angepata msiba wake sakafuni, nusu uchi, mbali na kila mtu wa damu yake, na mimi peke yangu wa kumshika. Mama alikuwa amenikataza. Desturi ilikuwa imenikataza. Lakini si hayo yaliyonifunga mdomo. Kumwambia kungenilazimu kueleza nilikuwa nalilia nini.

"Nimekusamehe," nilisema.

Zilibaki siku mbili za safari, na wifi aliniombolezea mama yangu siku zote mbili. Alimwambia mhudumu wa chakula kwamba nimefiwa. Alimwambia yule dereva, akanishika mkono akauinamia. Mpishi wa hoteli, mama mnene wa makamo, aliacha sufuria zake akaja chumbani, akaniwekea mkono kichwani na kuniombea kwa Kisetswana muda mrefu sana. Nilisikia machozi katika sauti yake. Nilipokea pole zote hizo kwa ajili ya mama aliyekuwa Buffalo anakula ugali, na kila pole iliponiingia niliogopa kwamba Mungu anasikiliza na ataona afadhali alifanye liwe kweli.

Alhamisi wifi alinilazimisha kurudi mtoni kwa boti. Alisema maji yatanituliza moyo. Tukakaa wawili tunatazama ndege weupe kwenye matope, na ghafla akaniambia, "Nipe simu nimpigie maman, aende Louisville kuwasaidia. Unajua yeye na maman yako walikuwa kama mapacha."

Nikasema salio limekwisha. Akasema tununue. Nikasema betri pia inakaribia. Alinitazama kidogo, nikaona amelichukua kuwa ni uchungu wangu, akarudia kuwatazama ndege. Nilipofika chumbani niliizima simu nikaivika soksi, nikaitumbukiza chini kabisa ya begi. Johannesburg nilimzungusha mbali na foleni moja niliyosikia watu wanaongea Kiswahili cha kwetu, maana habari za msiba husafiri kwa kasi na mtu angeweza kumpa pole pale pale. Ndani ya ndege alilala ameshika kiganja changu. Mimi nilikaa macho bahari nzima, nikimwangalia anavyopumua kwa utulivu, mtu anayedhani bado ana mama.

Kaka alitupokea Columbus, Jumamosi, adhuhuri. Alikuja bila watoto. Alimkumbatia mke wake muda mrefu kupita kiasi, na wifi akampigapiga mgongo, akimfariji: kwa hesabu yake, mume wake ndiye aliyefiwa na mama. Akakataa kukaa mbele. Akakaa nyuma na mimi.

"Tunaenda moja kwa moja, haiko?" aliuliza. "Nguo tutabadilisha kule."

"Moja kwa moja," kaka alijibu.

Hakusema wapi. Tuliondoka uwanja wa ndege, tukapita mjini. Barabara kuu ya hapa ni ile ile moja: kusini inakupeleka Cincinnati mpaka Louisville, kaskazini inakupeleka Cleveland, na kutoka Cleveland unakata kwenda Buffalo. Wifi ameipita mara nyingi kuliko sisi wote. Tulipofika njia zinapoachana, kaka akashika kaskazini.

"Umekosea njia," wifi alimwambia.

Kaka akaongeza mwendo.

"Papa watoto, nakuambia umekosea. Hii ni ya Cleveland."

Kibao kingine kikapita juu yetu. Wifi alikisoma. Kisha aligeuka, polepole, akanitazama mimi, na nikaona anavyolipata, kipande kwa kipande, mpaka mwisho. Sijawahi kuogopa uso wa mtu namna ile.

"Maman yako ni mzima," alisema.

"Ndiyo."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Jumatano. Ulipotoka kuoga."

Nilitegemea apige kelele, wifi yangu anayepiga kelele kwa maji na kwa tembo. Alipoongea alinong'ona.

"Pale chini ulikuwa unalia. Ulikuwa unamlilia maman wangu?"

"Ndiyo" lilikuwa neno rahisi, na lingekuwa neno jema. Kaka alinitazama kwenye kioo, akiniomba nilitumie.

"Hapana," nilisema. "Nililia kwa furaha. Nilisema asante Mungu, si wangu. Halafu ukatoka ukaniomba msamaha, nikaupokea."

Gari liliyumba kidogo, likanyooka. Wifi alitazama nje, kwenye mashamba ya mahindi machanga. Nilijua nimempoteza.

"Siku tatu nilibeba ile dhambi peke yangu," alisema mwishowe. "Ungesema, tungekuwa wawili."

Kisha akaweka kichwa chake mapajani mwangu, akaanza kumwita mama yake.